Sababu Itangulie Kanuni

Watoto wa Arusha huuona Mlima Meru kila siku. Vitabu vingine huandika kwamba kimo chake ni meta 4,566, vingine 4,562. Je, ipi hugawanyika kwa 3?

Ndugu wanachuo, tusiwakaririshe watoto kujumlisha tarakimu bila kuwaeleza sababu. Katika 4,566, kila elfu ni 999 na 1, kila mia ni 99 na 1, kila kumi ni 9 na 1. Hizo 999, 99 na 9 zote hugawanyika kwa 3. Tukiziondoa, hubaki 4+5+6+6, yaani 21. Basi 4,566 hugawanyika. Kwa 4,562 hubaki 17; haigawanyiki.

Mtoto aliyeelewa hivyo ataigundua mwenyewe kanuni ya 9. Aliyekariri tu atangoja kuambiwa.