GOMA: POLE SI FIDIA KWA WAHANGA WA BOTI ZIWANI KIVU

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa imejaa watu na mizigo. Wengi walipita ziwani kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara.

Baada ya kila ajali viongozi hutoa pole, kisha kimya. Pole hainunui dawa wala hailishi yatima. Kujaza boti kupita kiasi, bila jile za kuokolea, si mapenzi ya Mungu, ni kosa. Kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia ya Kongo kiko wazi: anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima amfidie. Mkimbizi naye ana haki hiyo.

Familia zitunze tiketi, karatasi za hospitali na majina ya mashahidi, kisha zidai mahakamani.