Ayubu hakunyamaza

Kila mafuriko yanapotupitia huku delta ya Mto Rufiji, hatukosi mgeni wa kutuhubiria subira ya Nabii Ayubu. Aprili 2024 mto ulipofurika ukameza mashamba ya mpunga ya Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaingia Mafia, jirani zetu wa ng'ambo, nilimsikia mmoja akiyasema hayo huku amesimama ndani ya boti, hajashuka hata kukanyaga tope. Wazee walimpigia makofi. Sisi watu wa Salale, hapa delta, tuna adabu.

Sasa mimi huyo Ayubu nimekwenda kumzuru, na ninalo la kusema.

Kaburi liko juu ya Jabal Ittin, nyuma ya mji wa Salalah, kusini mwa Omani. Mdogo wangu kaolewa Maskati. Yeye na mumewe walinipakia garini tukakata jangwa, kilomita zipatazo elfu moja za mchanga na vituo vya mafuta. Halafu unashuka Salalah, unakuta minazi, migomba, mipapai na vibanda vya madafu kando ya barabara! Nilicheka peke yangu. Ilikuwa Julai, na upepo wa kusi umeshika kasi. Kusi hiyohiyo inayopita kwetu, ikifika Dhofar, mkoa wa Salalah, hukutana na maji baridi ya bahari na ukuta wa milima, ikageuka ukungu na manyunyu tangu Juni mpaka Septemba. Ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha kwao manahodha wa Kiarabu waliokuja na kaskazi kupakia boriti za mikoko delta. Babu yangu alizikata hizo boriti. Vyumba vingi vya kale Arabuni ni vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti.

Tulipanda mlima taa za gari zikiwaka mchana. Ngamia walikuwa wamejilalia barabarani, na pembeni watu wakichoma mishikaki chini ya manyunyu. Kaburini unavua viatu, unajifunika kichwa, unaingia. Kaburi ni refu kupita kimo cha mtu yeyote niliyewahi kumwona, limefunikwa vitambaa vya kijani, na ubani unafuka mpaka macho yanawasha. Nje kuna alama kwenye jiwe, wanasema ni unyayo wake. Mama mmoja wa Kihindi alifanya ishara ya msalaba, na hatua mbili kutoka kwake mzee wa Kiomani alikuwa akisoma Fatiha. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Kama kweli Ayubu kalala hapo, ugomvi huo siuingii. Waturuki nao wanaonyesha pango lake kule Urfa, na Wadruzi wa Lebanon wana ziara yake Niha, nayo iko mlimani.

Nilichokifikiria pale ni huyu mtu mwenyewe. Watu wamemgeuza bubu. Katika Biblia Ayubu anavumilia sura mbili tu. Kuanzia sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa, na kwa sehemu kubwa ya kitabu chenye sura 42 anamhoji Mungu uso kwa uso, akidai aonyeshwe kosa lake. Katika Qurani, Surat Al-Anbiya, anamwita Mola wake na kumweleza kuwa madhara yamempata, na Mola anamwitikia. Katika Surat Swaad anaambiwa aipige ardhi kwa mguu wake, maji yanatoka ya kuoga na ya kunywa. Hakuambiwa akae atulie. Aliambiwa afanye jambo, na dawa ikatoka palepale.

Tena wapo wale rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika walikaa naye chini siku saba kimya, na kama wangeishia hapo tungewasifu mpaka leo. Walipofungua vinywa wakaanza kumsomea mgonjwa darasa: bila shaka umekosea mahali, nyenyekea, ngoja. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na kusema aliyenena sawasawa ni Ayubu. Hilo wahubiri wetu huliruka, sijui kwa nini. Au najua.

Huku kwetu kusubiri tumekuzoea. Mama mwenye uchungu wa kuzaa husubiri maji yajae ndipo boti ipite mlangoni mwa mto, isubiriwe petroli, afikishwe Nyamisati, ndipo lisubiriwe gari la Kibiti. Mvuvi husubiri bamvua, mkulima husubiri mto. Hatuhitaji mwalimu wa somo hilo. Na mtu akisimama mkutanoni kuuliza boti ya wagonjwa iko wapi, asiambiwe hana imani, maana aliyezikwa Jabal Ittin aliuliza makubwa kuliko hayo.

Masika ijayo, atakayekuja kutuona ashuke kwenye boti, apande dungu lolote, kibanda chetu cha juu ya nguzo, akae, aulize nani kapoteza mbegu na nani ana mgonjwa. Hotuba tunaweza kumsamehe. Wenye mashamba ya bondeni hupanda mlao maji yanapoanza kupungua, ardhi ikiwa bado na unyevu. Mbegu za mahindi na kunde zikiletwa tope limeshapasuka kwa jua, tutawatupia kuku.