Desa halitakuwepo wodini

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu. Yuko mwaka wa tatu, diploma ya uuguzi na ukunga, kwenye chuo kimoja cha mkoani ambacho sitakitaja maana bado hajamaliza na bado nampenda. Baada ya salamu akaingia kwenye shida yenyewe: "Kaka, nakutumia kitu kwa WhatsApp, nitolee kopi huko mjini halafu unitumie kwa basi. Huku steshenari wanatulangua." Nikasema lete. Likaja faili la kurasa mia mbili na ushee, maswali na majibu, mengine yamechapwa, mengine yamepigwa picha kutoka kwenye daftari la mtu ambaye mwandiko wake unaonyesha kabisa alikuwa anasinzia.

Hilo ndilo desa la mtihani wa leseni. Kwa wasiojua: kumaliza chuo hakukufanyi kuwa muuguzi. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 lazima usajiliwe na upewe leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kuna mtihani wa Baraza unaokungoja mlangoni. Ukiufeli, cheti chako cha chuo unakitundika ukutani nyumbani kwenu unakitazama. Ndiyo maana wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanautetemekea kuliko wanavyoutetemekea ugonjwa wowote.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, mdomo hauwezi kukaa bila kazi. Wakati mashine ya steshenari inatema karatasi nikaanza kusoma. Taja dalili nne za kitu fulani. Taja aina tano za kitu kingine. Eleza maana ya. Orodhesha. Taja. Taja. Nilifika ukurasa wa themanini sijakutana na mgonjwa hata mmoja! Yaani kurasa themanini za uuguzi bila mtu anayeumwa.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa ni muuguzi wodi ya wazazi. Nikamwomba anitungie maswali machache ya aina nyingine, ya kitu kinachoweza kumtokea saa nane za usiku. Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikaanza na la kwenye desa: taja dalili za sumu ya magnesiamu salfeti, ile dawa ya kifafa cha mimba. Akazimwaga kama kasuku, hakukosea hata moja. Nikamwambia haya, sikiliza hili. Mama ana kifafa cha mimba, alichomwa dozi saa nne zilizopita, sasa ni saa ya dozi inayofuata. Umemhesabu anapumua mara kumi na mbili kwa dakika. Umegonga goti, mguu haujaruka. Dawa iko kwenye sinia. Unafanya nini?

Kimya. Halafu akasema, "Kaka, hilo halimo kwenye desa."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwa sababu baada ya dakika moja hivi alianza kulifumbua mwenyewe, polepole. Pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitike, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, kimojawapo kikikosekana dozi haiendi. Kwa hiyo simchomi. Namwita daktari. Naandaa kalsiamu glukoneti gramu moja, inapitia kwenye mshipa taratibu. Nakaa karibu na kifaa cha kumsaidia kupumua. Vyote alikuwa navyo kichwani! Tatizo ni kwamba vilihifadhiwa kwenye makabati tofauti, na hakuna mtu aliyewahi kumtaka ayafungue yote kwa wakati mmoja. Kule leba dakika moja hiyo hiyo ya kimya ni nyingi.

Tukaja kwenye dripu. Mililita 1000 ziingie kwa saa 8, matone mangapi kwa dakika? Akajibu haraka: 42. Sawa kabisa. Nikamuuliza umepataje, akanipa kanuni, mililita mara 20 gawanya kwa dakika 480. Nikauliza hiyo 20 inatoka wapi. "Ndivyo ilivyo." Hapana mdogo wangu, hiyo 20 ni matone ambayo mrija huo unatoa kwa mililita moja, na imeandikwa kwenye pakiti ya mrija. Kuna mirija ya matone 15. Ukiishika hiyo bila kusoma pakiti, jibu lako la 42 si sahihi tena, linatakiwa kuwa kama 31. Ukihesabu 42 maji yanaisha kabla ya saa sita. Kwa mtu mzima mwenye moyo mzuri labda hakuna baya. Kwa mwenye moyo uliochoka, sijui.

Msije mkadhani nawasema wanafunzi. Mimi mwenyewe nilidesa sheria ya habari chuo kikuu nikapata B nzuri tu, na mwaka wangu wa kwanza kazini mhariri alinipigia kelele mbele ya chumba kizima cha habari kwa stori ambayo ingetupeleka mahakamani. Ila stori yangu ilizuiwa na mhariri kabla ya kwenda mtamboni. Muuguzi wa zamu ya usiku kwenye kituo cha afya hana mhariri.

Hoja yangu ni hii. Maandalizi ya mtihani wa leseni tumeyageuza kuwa kazi ya wiki sita za mwisho na mashine ya kopi, wakati yanatakiwa kuwa kazi ya mwaka mzima wodini. Na kibaya zaidi ni kwamba hata kwa kufaulu tu, yaani tuache habari za wagonjwa, njia hii ni dhaifu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepewa siku ya kwanza chuoni. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, halafu likajipima mara tatu kwa kuandika yale linayokumbuka, bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Sasa mwangalie mwanafunzi wetu na kalamu yake ya rangi ya njano, amepaka ukurasa mzima mpaka unafanana na chapati, anausoma mara ya saba na anajiona ameiva. Kesho ameiva kweli. Wiki ijayo je?

Na kuna jambo la lugha, ambalo sijaona watu wakilisemea vya kutosha. Uuguzi wetu unafundishwa kwa Kiingereza, desa ni la Kiingereza, lakini mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili. Mama mjamzito mwenye presha inayopanda hatakwambia maneno ya kwenye kitabu. Atasema kichwa kinagonga, naona ukungu, naona nyotanyota, chembe ya moyo inauma. Bibi atamleta mjukuu na kusema ana degedege, na huenda kabla ya kufika kwako ameshapitishwa kwa mganga kwa sababu kwa watu wengi degedege haikuwa kamwe ugonjwa wa hospitali. Mwingine atasema "mtoto amelegea" na ataishia hapo, kwake hilo neno moja linatosha. Mwanafunzi aliyekariri dalili za malaria kali kwa Kiingereza fasaha anatakiwa kuzitambua ndani ya sauti ya yule bibi. Hiyo nayo ni taaluma. Nani anaipima? Nilimwambia mdogo wangu aanze daftari la maneno ya wagonjwa, upande mmoja wanavyosema, upande wa pili kitabu kinavyoita. Akasema mwalimu akiliona atadhani ni mchezo.

Wenzetu nao walikuwa na tatizo linalofanana na hili. Marekani, ambako mtihani wao wa leseni uitwao NCLEX hufanywa pia na wauguzi wengi kutoka Kenya na Ufilipino wanaotafuta kazi huko, waliubadilisha tarehe 1 Aprili 2023. Kompyuta inakupa maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa saa tano, ukijibu vizuri yanakuwa magumu. Hayo ya kompyuta mimi hayanishughulishi. Kilichonivutia ni kwamba waliingiza visa vya wagonjwa: unapewa chati, vipimo, maelezo ya muuguzi wa zamu iliyopita, halafu unaulizwa kipi kati ya haya kinakutia wasiwasi, unadhani ni nini, unaanza na lipi, utajuaje kama limefanya kazi. Walitaka kupima uamuzi. Na mtihani ulipobadilika, vyuo na wauza vitabu vya maandalizi wakabadilika nao. Hakuna anayetengeneza desa la kitu kisichoulizwa.

Mtu ataniambia sisi tuna mtihani wa vitendo. Ndiyo, tunao. Ule utaratibu wa vituo, mwanafunzi anapita kituo hadi kituo anafanya jambo mbele ya msimamizi, aliubuni Ronald Harden kule Dundee, Uskochi, ukachapishwa mwaka 1975, na ni utaratibu mzuri. Lakini kila kitu kizuri tunaweza kukikariri. Mdogo wangu anasema wapo wanaosimama mbele ya mwanasesere wa plastiki wakitamka kwa sauti, "Nanawa mikono, najitambulisha kwa mgonjwa, naomba ridhaa yake," mikono haijaguswa na tone la maji, mwanasesere anatazama dari. Alama zinapatikana.

Tofauti kati ya kujua na kuona ni kubwa kuliko tunavyodhani, hata kwa waliokwisha kupata leseni. Mwaka 2023 jarida la New England lilichapisha utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania hii hii, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Kila mkunga duniani anajua jibu la swali la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua: mililita 500 au zaidi. Lakini pale wakunga walipokadiria kama kawaida, waligundua kama asilimia 51 tu ya waliotokwa damu kiasi hicho. Pale walipowekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo chini ya mama, na wakafundishwa kuanza matibabu yote kwa pamoja (kukanda kizazi, dawa za kukibana, asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi), ugunduzi ulifika asilimia 93 na madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Mililita 500 kwenye karatasi ya mtihani ni alama mbili. Kwenye shuka na kanga zilizolowa usiku, taa hafifu, ni kitu kingine kabisa.

Nilimpelekea haya mwalimu mmoja wa uuguzi ninayefahamiana naye. Hakukasirika, alichoka tu. Akaniambia: "Mdogo wangu, nina wanafunzi wengi na wodi moja. Kitanda kimoja wamekizunguka kumi, mgonjwa mwenyewe anakosa hewa." Kweli, na sina jibu la hilo, maana ni suala la vyuo kudahili wengi kuliko vitanda vilivyopo. Nadhani wanaoruhusu udahili wanatakiwa kuulizwa, na siku moja nitawauliza nikiwa na kinasa sauti mkononi.

Lakini yapo yasiyohitaji fedha. Mdogo wangu amekaa wodini wiki nane, na anasema kazi aliyoijua vizuri zaidi ni kupeleka sampuli maabara na kutafuta shuka. Kile kitabu cha kusainiwa kazi alizofanya kilisainiwa chote Ijumaa ya mwisho, kurasa kumi na mbili, kalamu moja, mkono mmoja. Hapo mwanafunzi na muuguzi wote wawili wanajua kinachoendelea, na wote wanakitaka kiishe. Je, ingegharimu nini muuguzi wa zamu akimshika mwanafunzi dakika kumi kabla ya kukabidhi na kumuuliza: kati ya wagonjwa wetu hawa, ukiniacha peke yako usiku huu, nani anakutia hofu, na kwa nini? Swali moja tu kila siku. Na wanafunzi badala ya kuuziana desa la miaka iliyopita waandike visa vya wagonjwa waliowaona wenyewe, bila majina, waulizane bwenini. Mwenye kuuliza naye anajifunza. Baraza nalo likizidi kuuliza visa, walimu watavifundisha bila kusukumwa.

Kopi nilizitoa zote, msidhani niligoma. Mtihani ni wake, si wangu, na kama wenzake wote wana desa siwezi kumfanya yeye awe wa majaribio. Kifurushi kiliondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Ila ndani yake nilichomeka daftari tupu la kurasa 96, na kwenye jalada nikaandika "Wagonjwa wanavyosema".

Jana usiku alinitumia ujumbe akiwa zamu. Ukurasa wa kwanza umeanza: "Tumbo linavuta kama kamba." Anauliza kama nina rafiki yule bado, anataka maswali mengine.