Tujifunze chukudu bila muzigo kwanza

Ndugu wanafunzi, likizo inapofika, wengine wetu wanarudi upande wa Butembo kusukuma chukudu, ili wapate pesa ya masomo. Kule ni milima mingi. Lakini mutu akishika chukudu mara ya kwanza, wanamupakilia muzigo siku ileile. Wanasema: "Mulima utamufundisha." Mimi nakataa.

Chukudu ni mbao na magurudumu 2. Kwenye muteremko ni kitu kigumu. Breki inakamata nyuma tu. Ukiikanyaga kwa nguvu katikati ya kona, nyuma inateleza na muzigo unakuangusha. Inafaa kupunguza mwendo mbele ya kona, chukudu ikiwa imenyooka bado. Tukumbuke somo la fizika: mwendo ukizidi mara 2, fasi ya kusimamia inazidi mara 4.

Ulaya vijana wanajifunza magari ya mashindano kwenye mashine ya mchezo. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda kwa mchezo huo mwaka 2011. Mwaka 2013 aliendesha gari lenyewe Le Mans, Ufaransa, akawa wa 3 katika kundi lake. Kwenye mashine ukianguka, unaanza upya. Sisi hatuna mashine hiyo, lakini tuko na chukudu tupu na fasi ya tambarare. Tuanzie pale, kiisha kilima kidogo, kiisha gunia 1.

Nanyi wakubwa, musimupakilie mwanafunzi mupya! Gunia likianguka linaokotwa. Muguu ukivunjika unakula pesa yote ya masomo.