Nyumba ya plastiki Kibondo na Kasulu ikaushe muhogo kwanza

BARIDI si adui mkubwa wa mkulima wa Kibondo na Kasulu. Adui wake ni mvua. Hilo linafaa kukumbukwa kila anapotokea mtu wa kuvishawishi vikundi vya wakulima wa nyanda za juu za Kigoma vijenge nyumba ya plastiki ya kutunza joto la jua.

Nyumba hizo zina sifa nzuri kwao. Kaskazini mwa China, wakulima huvuna mboga katikati ya majira ya baridi kali bila kuchoma kuni wala makaa. Upande wa kaskazini hujengwa ukuta mnene wa udongo, na upande wa kusini huwekwa plastiki. Mchana ukuta hunyonya joto, usiku hulitoa.

Lakini Kibondo na Kasulu ziko karibu na Ikweta, kati ya nyuzi 3 na 5 kusini. Jua hupita utosini mwezi Machi na tena Oktoba; katikati ya mwaka huwa kaskazini, na mwisho wa mwaka huwa kusini. Ukuta wa China hauna upande mmoja wa kuelekea. Isitoshe, nyanya zikifungiwa humo mchana zitaungua kwa joto.

Joto hilo hilo, hata hivyo, ni mali kwa kazi nyingine: kukausha muhogo.

Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo makopa yaliyoanikwa juu ya miamba na kando ya barabara hunyeshewa, hulala na unyevu na kuota ukungu. Mnunuzi hushusha bei, na yanayokataliwa hurudi jikoni. Ukungu si wa kupuuzwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ingawa huko ilitokana na mahindi.

Kaushio la jua si kitu kigumu. Ni banda la miti lililofunikwa plastiki maalumu isiyochakazwa upesi na jua, lenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Hewa huingia kwa matundu ya chini, hupata joto, hupanda na kutoka juu ikiwa imebeba unyevu. Muhogo ukikatwa vipande vyembamba hukauka upesi, na mvua ikinyesha hakuna wa kukimbilia uani. Usiku matundu hufungwa.

Kaushio halifanyi kila kitu. Muhogo mchungu bado lazima ulowekwe au uparazwe kwanza, kwani kukausha peke yake hakuondoi sumu yake yote.

Wapo watakaosema nyanya zina fedha zaidi. Ni kweli, kwa mwenye maji ya uhakika, dawa na soko la karibu. Kwake banda lenye paa la plastiki na kuta za wavu wa kupitisha hewa linafaa. Lakini nyanya iliyokosa mnunuzi huoza kwa siku chache, wakati makopa makavu husubiri bei.

Umefika wakati halmashauri zilitazame jambo hili. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama kinachosaga unga kingeweza kuitumia kujenga kaushio moja karibu na mashine yake, na SIDO ikasaidia ufundi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini kabla ya kutia saini mkopo, kikundi kimwulize mgeni swali moja: nyumba hii itafanya kazi gani mvua ya Januari ikinyesha wiki nzima? Asiye na jibu arudi na plastiki yake.