Wimbo wa Bwana, jina la mtia nia

 

Hapa Pito baridi ya Julai imekaza. Mahindi yameshuka kutoka shambani, watu wanapukuchua huku wakisikilizia bei, na Jumapili zetu zimepata wageni. Gari linapanda kutoka Sumbawanga mjini, linaegeshwa chini ya mikaratusi, anashuka bwana mwenye koti zuri na vijana wawili wa kumshikia simu. Wengine hatukuwaona tangu 2020. Wanakaa benchi la mbele, na ukimtazama mmoja kwa pembeni unaona anamchungulia jirani yake ili ajue ni wakati gani wa kupiga magoti. Simcheki. Mlango wa kanisa hauna bawabu, na kama Mungu ameamua kumrudisha mtu kwake kwa njia ya ubunge, hiyo ni kazi yake Mungu. Shida yangu inaanza baada ya matangazo, pale mgeni anapoombwa "asalimie". Salamu yenyewe inachukua dakika ishirini, ina barabara ndani yake, ina mbolea ya ruzuku, ina bati za kanisa, na mwisho ina bahasha.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 19, anaimba sauti ya pili katika kwaya moja ya vijana upande huu wetu. Ya kanisa gani sisemi, kwa sababu jambo lenyewe lingeweza kutokea kanisa lolote. Wiki mbili zilizopita alirudi kutoka mazoezini saa 2 usiku, furaha imemjaa mpaka uji ulipoa mbele yake. Mtia nia mmoja amewaahidi kinanda kipya, spika mbili na mikisa. Anachotaka ni kwamba siku ya shughuli yake waende wakaimbe ule wimbo wao unaopendwa, na pale penye jina la Bwana waweke jina lake.

"Si sharti, Bibi, ni ombi," akaniambia. "Halafu linaingia vizuri kabisa. Silabi zinalingana."

Silabi zinalingana! Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Kabla sijasema langu, niwatendee haki vijana hawa. Hawana tamaa ya ajabu. Wamekuwa wakichangishana mwaka wa tatu sasa, wameuza maharage, wamelima mashamba ya watu kwa ujira, na kinanda walichonacho kina vibao vinne visivyolia. Mwalimu wao wa kwaya anajua mahali pa kuviruka, kama dereva wa barabara ya vumbi anayejua kila shimo. Mtu akija mbele ya watu wa namna hiyo na kinanda kipya, si rahisi kumwambia arudi nacho. Anayeona ni rahisi hajawahi kuimba mbele ya watu huku chombo kikimkatikia katikati ya ubeti.

Lakini tuwe wakweli. Mnakumbuka 2022? Diamond Platnumz na Zuchu walitoa wimbo wao wa Mtasubiri, na katika video kulikuwa na kipande cha kanisani, Zuchu yumo kwenye kwaya, kisha anaondoka kwenda kwa mpenzi wake. Septemba mwaka huo BASATA wakaandika barua, na TCRA wakavitaka vituo vya utangazaji viache kuionyesha video ile, kwa kuwa kipande kile kingewaudhi waumini. Huku kwetu tulishangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, na leo bado naona ilikuwa sawa, maana kanisa si mandhari ya kupigia picha za mapenzi. Kwenye jumuiya yetu tulilizungumza jioni nzima, jinsi vijana wa Dar wanavyodhihaki vitu vitakatifu.

Sasa nilipomkumbusha mjukuu wangu habari ile, nikidhani nimeshamfunga mdomo, alinijibu hivi: "Bibi, Zuchu alitoka kanisani kumfuata mpenzi wake. Sisi mpenzi tunamkaribisha ndani na kumpa kipaza sauti. Nani kadhihaki zaidi?"

Watoto hawa tunawasomesha wenyewe.

Ana hoja, na hoja yenyewe inatugusa sisi wazee kuliko inavyomgusa yeye. Tuna macho makali ya kuona dhambi ya kwenye video na ya kwenye singeli, tunapima urefu wa sketi za wanakwaya. Lakini mwanasiasa akisimama hatua tatu kutoka altareni akiomba kura, tunapiga makofi, na mama mmoja anapiga kigelegele.

Kuna watakaosema kwaya na siasa ni ndugu wa siku nyingi nchini hapa. Ni kweli. Mimi nimekulia kwenye kwaya za shule zilizoimba Azimio la Arusha kabla hatujajua azimio ni kitu gani. Hayati Kapteni John Komba, aliyefariki Februari 2015, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kapteni na mbunge, na alipoongoza TOT aliujua uzito wa sauti nne zikipandishwa pamoja. Mwalimu Nyerere alipotutoka 1999, nyimbo za Komba zilituliza watu wengi, mimi nikiwamo. Na Zuchu huyo tunayemsema, mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu aliyeng'ara katika TOT hiyo hiyo. Mwaka 2015 Diamond naye alipanda majukwaa ya CCM akiwa na wimbo wake mwenyewe alioubadilisha maneno ili uimbe chama. Hao sina ugomvi nao. Komba alitunga za chama, akaimba za chama, na kila aliyesikia alijua anasikia chama. Diamond alitoa wimbo wake, mali yake. Hakuna aliyedanganywa pale.

Wimbo wa kanisa si mali ya kwaya. Umeimbwa kwenye mazishi ya watu wetu, umeimbwa na bibi zetu waliobatizwa na wamisionari waliopanda uwanda huu kutoka upande wa ziwa, kule Karema, ambako Mapadri Weupe walifika 1885. Tumeuweka pembeni kwa ajili ya Mmoja tu. Kalisi ni kikombe, ndiyo, na togwa inaingia vizuri kabisa kwenye kikombe, ujazo unalingana. Lakini hakuna mwana-WAWATA hapa Pito atakayethubutu kuchotea togwa kwenye kalisi, hata siku ya harusi vikombe vikipungua.

Mjukuu wangu hakukubali haraka. Akaja na jingine: "Mbona Mungu Ibariki Afrika ulikuwa wimbo wa kanisa, na leo unaimbwa hadi uwanja wa mpira?" Hapo nilimpongeza, maana amesoma. Ni kweli, ulitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti kule Afrika Kusini. Taifa letu liliuchukua, likaweka maneno ya Kiswahili, likaweka Tanzania. Lakini mtazame nani anaombwa. Anayeombwa alibaki Mungu yule yule, na sisi, viongozi wetu tukiwa nao, tulibaki waombaji. Hakuna aliyethubutu kumtoa pale na kumweka rais wa awamu yoyote. Huko ndiko kubadilisha maneno kunakoruhusiwa. Kwenye wimbo wa kwaya yao, anayetolewa ni Yeye mwenyewe.

Akanyamaza kidogo, akala uji wake uliopoa.

Sasa habari ya fedha. Majirani zetu wa Kenya walituonyesha jambo mwaka 2024. Maaskofu Katoliki wa kule walikuwa wameisema serikali kwa ukali, ikiwamo tabia ya uongo kwa viongozi. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na akatoa fedha: laki 6 za Kenya kwa kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu, milioni 2 kwa nyumba ya mapadri, na ahadi ya milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha zile zirudishwe, na ahadi zile hazipokelewi. Oneni kwamba hata kwaya ilikuwamo. Nawaza wanakwaya wa Soweto Jumatatu ile, laki zao zikirudi zilikotoka, na sare labda walikwisha kuzipigia hesabu. Iliwauma, bila shaka. Lakini Jumapili iliyofuata waliimba bila kudaiwa na mtu.

Waanglikana wa Kenya walitangulia hata hapo. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa wanasiasa wakubwa wasihutubie ibada ya kumsimika Askofu Rose Okeno. (Mambo ya uaskofu wa wanawake tuyaache leo, tutagombana na ukurasa utaisha.) Aliwaambia wakae wasali kama wengine. Wakakaa.

Sisi hapa hatuhitaji hata ujasiri wa namna hiyo, maana sheria iko upande wetu. Takrima ilifutwa na Mahakama Kuu 2006, na Katiba yenyewe, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kinanda kinachotolewa na mtia nia wiki chache kabla ya kura, mkikiita sadaka mnajidanganya.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: mbona maaskofu nao wanaingia kwenye siasa? Mbona Katoliki na KKKT walitoa nyaraka zao 2018, mbona Agosti 2023 waraka wa TEC dhidi ya mkataba wa bandari na DP World ulisomwa makanisani? Nami ninayedai madhabahu isiguswe, siku ile nilisikiliza waraka hadi mwisho na kusema amina.

Ndiyo, nilisema amina. Nabii Nathani aliingia kwa Mfalme Daudi na kumwambia dhambi yake usoni. Hakwenda kumwombea kura, wala Daudi hakuja hekaluni na bahasha. Kanisa kusema na mtawala ni kazi yake tangu zamani. Mtawala kutumia mdomo wa kanisa ni jambo jingine kabisa, na Biblia inalo: kuhani Amazia wa Betheli alimfukuza nabii Amosi kwa hoja kwamba pale ni mahali patakatifu pa mfalme. Patakatifu pa mfalme, jamani, si pa Mungu tena. Amazia hakuwa mpagani. Alikuwa kuhani aliyezoea kupokea.

Na hapa kwetu mizani inanitia hofu. Tarehe 2 Juni 2025 msajili wa jumuiya alilifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, ambaye wakati ule alikuwa mbunge wa Kawe wa chama kile kile kinachotawala, baada ya kukemea hadharani utekaji wa watu. Ikaelezwa kwamba anahubiri siasa na kugombanisha serikali na wananchi. Mimi si mwanafunzi wa Gwajima, na mambo yake ya misukule siyawezi. Pia naona askofu akigombea ubunge anakuwa amejikata mguu mmoja kabla ya safari. Lakini nauliza kama mama: hawa wanaokuja kwetu kila Jumapili kuomba kura hatua tatu kutoka altareni, hiyo si siasa kanisani? Msajili mbona hapiti huku? Inaelekea siasa inayokatazwa kanisani ni ile inayouliza watu wametekwa na nani, na inayoruhusiwa ni ile inayokuja na spika. Kwaya itakayoimba jina la mtu leo itawezaje kesho, mtoto wa jirani asiporudi nyumbani, kusimama na kuimba maombolezo yake bila kumtazama mfadhili usoni kwanza?

Nilimweleza mjukuu wangu hayo yote, na sijui yaliingia kiasi gani, maana alikuwa na usingizi. Asubuhi aliniomba jambo moja tu, nisiende kwa mwenyekiti wa kwaya. "Bibi, ukienda wewe watasema nimetumwa. Niache niseme mwenyewe." Nimemwachia. Ila nimepima debe mbili za maharage ya njano, nimezifunga kwenye kiroba, nimeandika juu "kinanda". Majirani wawili wamesikia, mmoja ameleta debe moja la ulezi, mwingine kuku. Kwa bei za sasa hatujafika hata kwenye nyaya za hicho kinanda.

Mkutano wa kwaya ni Alhamisi, saa 10 jioni. Wanakwaya ni 31, na yeye amehesabu wanaomuunga mkono: 9, pamoja na mwalimu wa kwaya, ambaye hajasema neno lolote bado.