Mlango wa Kuingia Kwenye Mkopo Tunaujua, wa Kutokea Uko Wapi?

Makamanda, nianze na jambo ambalo kwenye magrupu yetu tunalipita kimya kimya. Juzi tulikuwa na kikao cha ndani Biharamulo, vijana wa huko pamoja na sisi tuliotoka Ngara. Wakati wa kuita majina, katibu wa tawi mmoja hakuitika. Simu yake haipatikani. Jirani yake akasema kwa sauti ya chini: "Huyo msimsubiri. Kausha damu wamemhamisha."

Alikuwa kijana wa kazi. Alikopa akafungua duka la vipuri vya pikipiki pale Nyakanazi. Biashara ikamshinda. Akaandikishana na mkopeshaji kulipa kidogo kidogo, na hayo nayo yakamshinda. Usiku mmoja akaondoka. Wengine wanasema yuko machimboni Geita, wengine wanasema kavuka Burundi. Mke wake kabaki na watoto, na cherehani aliyokuwa anashonea imebebwa. Wadhamini wake wawili wamelipa kwa mbuzi.

Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nusura niwe mimi.

Mwaka jana nilikopa shilingi milioni 3 kwa mkopeshaji binafsi ambaye simtaji hapa. Riba asilimia 10 kwa mwezi, yaani laki 3 kila mwezi. Nikazunguka vijiji vya Ngara nikanunua maharage, nikapakia kwenda Mwanza. Lori likaharibika njiani, mvua ikanyesha siku mbili, turubai likavuja. Anayejua biashara ya maharage anajua yaliyolowa yanauzwaje. Nilirudi na nauli.

Miezi minne sikulipa hata senti. Deni likafika milioni 4 na laki 2. Mkopeshaji akaniita, tukaandikishana mbele ya mashahidi: nilipe 350,000 kila mwezi kwa miezi 12, riba isimame. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nikawa naendesha boda mchana, usiku nalinda ghala la mtu. Nililipa miezi mitano mfululizo, jumla 1,750,000. Mwezi wa sita mama akalazwa. Hela yote ikaenda hospitali.

Hapo ndipo nilipousoma ule mkataba vizuri kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mstari unaosema nikikosa mwezi mmoja makubaliano yanakufa na riba inahesabiwa upya tangu mwanzo. Piga hesabu mwenyewe. Miezi kumi kwa laki 3 ni milioni 3, jumlisha na mkopo wenyewe unapata milioni 6, toa nilicholipa, unabaki na 4,250,000. Nimelipa miezi mitano, halafu nadaiwa zaidi ya siku niliyoweka saini! Ongeza laki 6 za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na laki 4 za duka la pembejeo. Jumla 5,250,000. Mali yangu ni pikipiki na godoro.

Rafiki yangu mmoja akaniambia, "Kamanda, si ujitangaze tu mufilisi? Matajiri wanafanya hivyo, wanaanza upya." Niliwaza usiku kucha. Asubuhi nikaenda kwa msaidizi wa kisheria, mama mmoja mvumilivu sana, akanieleza mambo ambayo nadhani kila kijana anayekopa anapaswa kuyajua.

Kwanza, njia hiyo ipo kweli. Tuna Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, tuliyoirithi kwa Waingereza. Mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka maombi mahakamani akisema siwezi kulipa. Mahakama ikikubali, mali zake zinawekwa chini ya mpokeaji rasmi, kazi iliyo mikononi mwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA hao hao tunaowajua kwa vyeti vya kuzaliwa. Kuanzia hapo wadai wasio na dhamana hawawezi kukuvamia mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama. Wanaitwa kwenye mkutano. Wakikubali mpango wa malipo, wakiwa wengi kwa idadi na wakishika robo tatu ya deni lote, mpango huo unawafunga wote, hata waliokataa, baada ya mahakama kuuridhia.

Nikamuuliza, na huo mpango nao ukishindikana kama wangu? Akasema mahakama inaweza kuufuta na kukutangaza mufilisi. Jina lako linatoka kwenye Gazeti la Serikali. Na hufunguliwi kwa muda kupita tu: lazima urudi mahakamani kuomba uachiliwe.

Halafu akanipa mengine matatu yaliyonikata maini. Mahakama yenyewe ni Mahakama Kuu, na kwetu hiyo iko Bukoba. Kutoka Ngara unapita Rusahunga, Biharamulo, Muleba, na huendi mara moja. Unahitaji wakili, na mwenye hela ya wakili labda asingekuwa na shida hii. La pili, mdai mwenye dhamana halali haguswi, anachukua dhamana yake. La tatu ndilo lililonimaliza: hata wewe ukiachiliwa, wadhamini wako hawaachiliwi. Mdhamini wangu ni baba mdogo. Yaani mimi nisafishwe, mzee aliyeniamini akamuliwe? Nikafunga faili.

Lakini msifikiri kukimbia ndiyo nafuu. Sheria hiyo hiyo inasema mtu akiondoka nchini, au akihama nyumbani kwake, kwa nia ya kuwakwepa wadai, tayari ametenda kitendo cha kufilisika, na mdai anaweza kukitumia kumburuza mahakamani. Sisi wa Ngara mpaka uko hapo hapo. Ukivuka Kabanga au Rusumo kwa sababu ya deni, hujalikimbia deni, umemwandikia mdai wako ushahidi.

Na kukaa nako kuna hatari zake. Mdai akishinda kesi ya madai anaweza kuomba ufungwe kama mfungwa wa madai, hadi miezi 6, na yeye ndiye anayelipia chakula chako. Ukitoka deni bado lipo. Lakini pia kuna kinga ambazo hatuambiwi. Hata mwenye hukumu mkononi haruhusiwi kukamata vyombo vyako vya kupikia, kitanda na matandiko, nguo za familia, wala zana za fundi. Sasa yule aliyebeba cherehani Biharamulo alikuwa na hukumu ya mahakama gani? Hakuwa nayo. Alikuwa na vijana wawili na pikipiki. Tena cherehani ilikuwa ya mama, wala si ya mdaiwa.

Hapa ndipo siasa inapoingia, na nawaomba tusiishie kupiga kelele. Tangu 2018 tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa milioni 3 yangu hiyo ni 105,000 kwa mwezi, siyo laki 3. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Vizuri. Lakini mkopeshaji wa kijijini, mwenye daftari na kadi za pikipiki za watu kwenye droo, nani anamkagua? Serikali iliyoandika sheria hiyo iko madarakani leo, na swali hilo ni lake kujibu.

Wenzetu Kenya walibadilisha yao mwaka 2015. Sheria yao mpya ya ufilisi ina njia ya mtu asiye na mali: anayedaiwa kuanzia shilingi za Kenya laki 1 hadi milioni 4 anaweza kuomba, na baada ya miezi 12 akaachiliwa na madeni yanayohusika. Aliyetangazwa mufilisi naye kwa kawaida anaachiliwa baada ya miaka 3. Ipo pia njia ya mdaiwa kupangiwa malipo ya kidogo kidogo. Si pepo, lakini wametambua kwamba mwendesha boda na mwenye kiwanda hawawezi kupita mlango mmoja.

Tujiseme na sisi. Kwenye majukwaa yetu tunaahidi mikopo kwa vijana. Tunadai asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, na tuna haki ya kuidai. Lakini nimehudhuria mikutano mingi, sijawahi kumsikia mtu wetu akieleza kijana atatokaje pale mkopo unapomshinda. Tunashangilia mlango wa kuingia tu. Ndiyo maana tunaipoteza mitaji, kisha tunawapoteza na makatibu.

Ninachotaka kiingie kwenye ilani yetu ni vitu viwili. Maombi ya mdaiwa mdogo yasikilizwe kwenye mahakama ya wilaya, Ngara kwa wa Ngara na Biharamulo kwa wa Biharamulo, kwa fomu inayosomeka kwa Kiswahili. Na mkataba wa kulipa kidogo kidogo usiruhusiwe kufufua riba ya nyuma kwa sababu ya kukosa mwezi mmoja.

Mimi sikwenda Bukoba, wala sikuvuka Kabanga. Nilichukua karatasi moja nikaandika wadai wote watatu, ninachoingiza kwa mwezi na ninachokula. Nikaenda kwa kila mmoja nikiwa na yule mama msaidizi wa kisheria. Kikundi walinipa mwaka. Mwenye duka alikubali nimlipe mavuno yakitoka. Mkopeshaji tulimwomba atuonyeshe leseni. Akasema iko mjini, atatuletea. Mpaka leo hajaileta, ila simu za usiku zimekoma. Milioni 3 yake sijaikana. Nimeshamlipa 1,750,000, na tunabishana kwa maandishi kuhusu riba halali ni ipi. Suala halijaisha. Inawezekana likaishia mahakamani, na nitakwenda.

Kwa hiyo kamanda, kama una karatasi ya kausha damu mfukoni, isome leo, hasa mistari ya chini. Usiandikishane malipo ambayo mwezi mbaya mmoja utayavunja. Na usizime simu.

Na wewe katibu wetu, kama unasoma hapa ulipo: hukuiba, ulishindwa biashara. Rudi. Kesi ya cherehani tutaianza hata kabla hujafika.